Sabuni na maji au sanitaiza: kituo cha afya cha Lamu kitumie fedha zake wapi kwanza?

Kila bajeti inapoandaliwa, kamati za usimamizi wa zahanati na vituo vya afya katika Kaunti ya Lamu hukutana na swali linaloonekana dogo kando ya maswali ya dawa, malipo ya vibarua na mafuta ya boti: fedha za usafi wa mikono zinunue nini? Upande mmoja kuna sabuni na maji, pamoja na masinki, matangi na mifereji ya kuyafikisha maji hayo mahali pa kazi. Upande wa pili kuna kitakasa mikono chenye alkoholi, ambacho wengi wetu twakiita sanitaiza. Pembeni kuna maji ya klorini, yaliyozoeleka tangu kampeni za kipindupindu. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya wajumbe wa kamati hizo, na kwa wauguzi wanaosimamia vituo vidogo ambavyo havina mtaalamu wa kuzuia maambukizi wa kuulizwa.

Rai yangu naiweka wazi mapema ili msomaji aipime anaposoma. Kituo chenye kitanda hata kimoja cha kulaza mgonjwa kianze kwa kuweka sanitaiza kando ya kitanda hicho, kisha kihakikishe sabuni na maji katika chumba cha kujifungulia na chooni, na klorini ibaki kuwa dawa ya sakafu na vyombo; isipokuwa kituo cha kisiwani kinachozalisha akina mama, ambacho kinunue tangi la maji kwanza. Zahanati isiyolaza mtu, ambayo kazi yake kubwa ni chanjo, kliniki ya wajawazito na kufunga vidonda, yaweza kuanza na sabuni bila hasara kubwa. Tofauti hiyo haitokani na nguvu ya kuua vijidudu, ingawa nguvu ndiyo hutangazwa zaidi kwenye lebo za chupa.

Mikono inabeba nini

Maambukizi ya hospitalini ni yale ambayo mgonjwa hakuja nayo, bali yalimpata akiwa wadini, na kwa kawaida huhesabiwa kuanzia saa 48 baada ya kulazwa. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika ripoti yake ya 2022 kwamba kati ya kila wagonjwa 100 wanaolazwa katika hospitali za nchi tajiri, 7 hupata angalau ambukizo moja la namna hiyo, na katika nchi za kipato cha chini na cha kati idadi hufika 15. Kwa wastani, mmoja kati ya kila 10 wa waliopatwa hufariki.

Kwa sisi wa pwani, takwimu zenye uzito zaidi zinatoka jirani tu. Watafiti wa mpango wa KEMRI-Wellcome Trust ulioko Kilifi walifuatilia watoto waliolazwa katika hospitali ya huko kati ya 2002 na 2009, na matokeo yao yakachapishwa 2011. Takriban watoto 6 kati ya kila 1,000 waliolazwa walipata bakteria katika damu wakiwa wodini, wengine wakiwa tayari wamedhoofishwa na utapiamlo mkali. Idadi hiyo huonekana ndogo mpaka mtu asome mstari unaofuata: 53% ya watoto hao walifariki, ilhali miongoni mwa watoto waliofika hospitalini wakiwa na bakteria katika damu kutoka nyumbani, waliofariki walikuwa 24%. Bakteria waliopatikana, akina Klebsiella, Acinetobacter, Pseudomonas na E. coli, ni wale wale ambao maabara za dunia nzima huwaorodhesha miongoni mwa wakaidi zaidi mbele ya viuavijasumu. Makadirio yaliyochapishwa 2022 yaliyaweka mauaji ya moja kwa moja ya bakteria sugu kuwa watu milioni 1.27 kwa mwaka 2019 pekee.

Kwa kituo kidogo, habari hiyo ina maana moja ya kutisha. Mtoto mchanga anayeshukiwa kuwa na bakteria katika damu huanzishiwa ampisilini na jentamaisini, zikishindwa, seftriaksoni. Klebsiella anayetoa kimeng'enya cha kuivunja seftriaksoni huwa ameufunga mlango wa tatu, na dawa iliyobaki, meropenemu, haikai kwenye rafu ya zahanati. Wala zahanati haina maabara ya kuotesha damu ili ijulikane ni bakteria gani. Ukitoka visiwani, Kizingitini au Ndau, usiku, njia ya kuifikia hospitali kubwa ni boti.

Lakini bakteria aliyeishinda seftriaksoni hafi kwa shida zaidi mbele ya sabuni au alkoholi kuliko mwenzake asiye sugu. Kiuavijasumu hushambulia sehemu moja ya mwili wa bakteria, na sehemu hiyo yaweza kubadilika umbo au kulindwa kwa kimeng'enya. Alkoholi huharibu protini na utando wa nje kwa pamoja, na sabuni humng'oa bakteria kutoka kwenye ngozi akaondoka na maji. Ndiyo maana fedha za usafi wa mikono ni fedha za dawa pia, hata kama katika vitabu vya hesabu zinaandikwa chini ya “vifaa vya usafi”.

Nguvu ya kila moja

Tukichukua vipimo vya maabara peke yake, sanitaiza inashinda. Mkono wenye bakteria milioni 1 wa majaribio, ukioshwa kwa sabuni ya kawaida kwa sekunde 30, hubaki na bakteria kati ya takriban 1,600 na 16,000. Mkono huo huo ukipakwa alkoholi kwa muda huo huo hubaki na 300 hivi. Tena watu wachache huosha kwa sekunde 30. Mkono unaooshwa kwa sekunde 15, ambao kwa wengi wetu ni muosho wa heshima kabisa, hupunguza bakteria mara 4 hadi 12 tu.

Hata hivyo sanitaiza ina mipaka ambayo muuzaji hataitaja. Mkono wenye damu, usaha, kinyesi au mafuta hausafishwi kwa alkoholi, kwa sababu uchafu huo huwafunika bakteria na alkoholi haiwafikii. Mbegu za Clostridioides difficile, bakteria wa kuharisha anayewapata hasa wagonjwa waliokunywa viuavijasumu kwa muda mrefu, hazifi kwa alkoholi. Zinahitaji kusuguliwa na kusukumwa na maji. Virusi vya noro, vinavyosababisha kutapika na kuharisha kwa ghafla, navyo huistahimili alkoholi kuliko virusi vingine vingi. Mwaka 2018 watafiti wa Melbourne, Australia, walionyesha kwamba Enterococcus faecium waliokusanywa hospitalini baada ya 2010 walivumilia alkoholi iliyozimuliwa kuliko wale wa miaka ya nyuma. Matokeo hayo hayaondoi imani kwa sanitaiza yenye nguvu kamili. Yanaondoa imani kwa mtu anayeongeza maji kwenye chupa ili ifike mwisho wa mwezi, tabia ambayo, tuseme kweli, haijatoweka. Nguvu inayotakiwa ni alkoholi ya asilimia 60 hadi 80, na alkoholi kali zaidi ya 90 hufanya kazi vibaya kidogo, kwa kuwa protini huharibika kwa urahisi zaidi maji yanapokuwapo.

Utafiti unaopaswa kumtuliza mjumbe asiyekuwa na fedha za sanitaiza ulifanyika hapa hapa Kenya, katika Hospitali ya Kijabe, na ulichapishwa 2010. Madaktari wa upasuaji walitayarisha mikono kwa sabuni ya kawaida na maji katika vipindi fulani, na kwa alkoholi katika vipindi vingine, kisha vidonda vya wagonjwa zaidi ya 3,300 vikafuatiliwa. Vilivyoambukizwa vilikuwa 8.0% upande wa sabuni na 8.3% upande wa alkoholi, yaani hapakuwa na tofauti ya maana. Ushindi wa alkoholi wa maabarani haukuonekana kwenye vidonda.

Lakini angalia mahali utafiti huo ulipofanyika. Daktari wa upasuaji huosha mikono mara moja kabla ya kazi, mbele ya sinki lililojengwa kwa ajili hiyo, maji yakitiririka, na hakuna anayemwita mpaka amalize. Wadi haiko hivyo.

Hatua kati ya kitanda na maji

Tuitazame wadi ya kawaida ya vitanda sita yenye sinki moja karibu na mlango. Muuguzi yumo kitanda cha ndani kabisa, anafungua bandeji ya mzee aliyekatwa na panga mguuni. Kitanda cha jirani mtoto analia kwa sababu dripu imesimama, na mama yake ameshaanza kuigusagusa kanula, yaani mrija mdogo uliopenyezwa mshipani, kwa vidole vyake. Muuguzi anavua glavu, anageuka, anaishika kanula. Kati ya bandeji na kanula palikuwa na hatua mbili. Kati ya bandeji na sinki palikuwa na hatua kumi na tano kwenda, nyingine kumi na tano kurudi, na kati ya hizo sekunde 40 hadi 60 ambazo Shirika la Afya Duniani linataka muosho kamili uchukue, pamoja na kutafuta kitu kikavu cha kujifutia. Hakuna aliyeamua kuacha kunawa. Mpangilio wa chumba ndio ulioamua kwa niaba yake, na glavu alizovua hazikumlinda mtoto, kwa maana glavu huwa na matundu yasiyoonekana na mikono huchafuka wakati wa kuzivua.

Chupa ya sanitaiza ikiwa imening'inia kwenye ukingo wa kitanda, au imo mfukoni mwa muuguzi, sekunde 20 hadi 30 zinatosha, na muuguzi hupaka huku akitembea hatua zile mbili. Hapa ndipo hospitali ya chuo kikuu cha Geneva ilipopata matokeo yaliyobadili mwongozo wa dunia. Didier Pittet na wenzake walihesabu wakaona kwamba katika wadi ya wagonjwa mahututi muuguzi angehitaji kusafisha mikono zaidi ya mara 20 kwa saa moja, na kwamba akinawa kwa sabuni kila mara, sehemu kubwa ya zamu yake ingeishia sinkini. Wakasogeza alkoholi mpaka kitandani. Kati ya 1994 na 1997 utiifu wa wahudumu katika kusafisha mikono ulipanda kutoka 48% hadi 66%, na wagonjwa wenye maambukizi ya hospitalini wakapungua kutoka 16.9% mwaka 1994 hadi 9.9% mwaka 1998. Jambo lisilosemwa sana ni kwamba kiwango cha kunawa kwa sabuni hakikupanda katika miaka hiyo. Kilichopanda ni matumizi ya alkoholi.

Kuna atakayesema kwamba Geneva si Faza ya kisiwani Pate, na ana haki. Basi achukue Bamako. Hospitali ya Point G nchini Mali ilijaribu mpango huo huo kati ya 2006 na 2008, ikitengeneza sanitaiza yake kutokana na ethanoli ya miwa ya nchini humo, na utiifu ukapanda kutoka 8.0% hadi 21.8%. Ni kiwango cha chini bado, na sioni sababu ya kukipamba. Lakini hospitali ambayo karibu kila mkono ulikuwa haunawiwi ilifikia mkono mmoja kati ya mitano.

Hata ugunduzi wa kwanza kabisa katika mambo haya ulikuwa ulinganisho. Vienna, miaka ya 1840, hospitali moja ilikuwa na kliniki mbili za uzazi, moja ya wanafunzi wa udaktari na nyingine ya wakunga, na akina mama walikufa kwa wingi zaidi katika ile ya wanafunzi, waliokuwa wakitoka kupasua maiti. Daktari Ignaz Semmelweis aliwalazimisha wanafunzi hao kunawa kwa maji ya chokaa yenye klorini kuanzia Mei 1847, na vifo vilivyokuwa zaidi ya 18% mwezi Aprili vikashuka chini ya 3% mwezi Juni.

Maji yetu na bahari yetu

Mwongozo wowote unaotoka Nairobi au Geneva huandika “sabuni na maji” kana kwamba maji ni kitu kimoja. Mji wa Amu, yaani Lamu mjini, hunywa kutoka visima vya Shela, ambako maji ya mvua huchujwa na vilima vya mchanga na kukaa juu ya maji ya bahari; yakivutwa kupita kiasi, chumvi hupanda. Kwenye pwani ya kaskazini ya kisiwa cha Pate, na visiwani Ndau na Kiwayu, watu hutegemea majabia, yaani birika kubwa za kujengwa zinazokinga maji ya mvua. Malindi, kwa kulinganisha, hupata maji yanayosukumwa kwa pampu kutoka Baricho kando ya Mto Sabaki, na tatizo lake ni mfereji kukauka kwa siku kadhaa pampu zinaposimama. Sabuni haitoi povu vizuri katika maji ya chumvi, na ingawa inaendelea kufanya kazi, mtu huitumia nyingi zaidi na huondoka akihisi ngozi inanata.

Kisha kuna hesabu ya wingi. Tuchukulie kwamba muuguzi mmoja anahitaji kusafisha mikono mara 40 katika zamu, na kwamba kibuyu chirizi (kibuyu kinachoinamishwa ili kimimine maji) au ndoo yenye bomba inatoa nusu lita kwa kila muosho. Hizo ni lita 20, yaani mtungi mzima unaobebwa na punda kwa mtu mmoja kwa zamu moja, kabla ya kufikiria maji ya mama aliyejifungua. Kwa sanitaiza, mililita 3 kila mara, zamu hiyo inatumia mililita 120. Chupa ya nusu lita inakwenda zamu nne. Kwa mtazamo huu sanitaiza ni njia ya kuweka akiba ya maji, na kwenye visiwa vya jabia hoja hii ina uzito kuliko hoja ya bakteria.

Upande wa pili wa mizani ni bahari. Majabia hukauka mwishoni mwa kaskazi, kati ya Februari na Machi, kabla ya masika kushika. Hapo sabuni na maji hushindwa. Kusi ikivuma, hasa Juni hadi Agosti, bahari huchafuka, mashua huchelewa, na kitu chochote kinachoagizwa kutoka nje, sanitaiza ikiwamo, hufika kikifika. Kila moja ina msimu wake wa kutopatikana, na misimu hiyo haigongani. Kituo cha kisiwani kinachochagua moja tu na kuiacha nyingine kabisa kinajichagulia miezi ya kukosa kila kitu.

Sinki nalo lina hila yake, ambayo walioanza kufunga masinki mapya kwa fahari hawaijui. Bomba la maji machafu chini ya sinki hujenga utando mlaini ambamo Pseudomonas na jamaa za Klebsiella huishi kwa raha. Maji yakianguka moja kwa moja juu ya tundu, matone huwarusha bakteria hao hadi kwenye meza ya kutayarishia dawa. Masinki yamewahi kuwa chanzo cha milipuko ya maambukizi katika hospitali zenye fedha kuliko zetu. Sinki likijengwa, lisiwe karibu na meza ya sindano, na mkondo wa maji usilenge tundu. Sabuni ya kipande ikatwe vipande vidogo na iwekwe kwenye chombo kinachochuruza, wala sabuni ya maji isiongezwe juu ya mabaki ya zamani. Taulo moja ya wote ni afadhali isiwepo. Mikono ikauke kwa hewa.

Kununua au kutengeneza

Shirika la Afya Duniani limetoa kanuni mbili ambazo mfamasia wa hospitali yoyote aweza kuzifuata. Kwa lita 10 za kanuni ya kwanza huchukuliwa mililita 8,333 za ethanoli ya 96%, mililita 417 za haidrojeni peroksaidi ya 3% na mililita 145 za gliseroli, kisha maji yaliyochemshwa na kupozwa huongezwa mpaka lita 10 zitimie. Kanuni ya pili hutumia mililita 7,515 za aisopropanoli badala ya ethanoli, na mengine hubaki vile vile. Gliseroli hulinda ngozi; peroksaidi huua mbegu za bakteria zilizomo ndani ya chupa yenyewe, na kwa hiyo chupa hukaa saa 72 kabla ya kutumiwa. Nguvu ya mwisho hupimwa kwa kipimo cha alkoholi, na bila kipimo hicho kazi hii isianzwe.

Kazi hii ni ya hospitali ya kaunti, ambayo ingetengeneza na kuvigawia vituo vidogo. Mwongozo unataka zisizidi lita 50 mahali pamoja pasipo na mitambo maalumu ya hewa, kwa kuwa alkoholi hushika moto upesi, na katika mji wa makuti na vichochoro vya upana wa punda mmoja sharti hilo halihitaji kuelezewa. Zahanati inayonunua dukani iangalie alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, iangalie kwamba lebo inataja ethanoli au aisopropanoli na asilimia yake, na iikatae chupa yoyote isiyotaja. Methanoli ni sumu inayopita kwenye ngozi, na imewahi kupatikana katika bidhaa za bei rahisi katika nchi nyingi wakati wa korona.

Swali la alkoholi na dini

Wapo wahudumu na wagonjwa wetu wanaosita, na kusita kwao hakufai kupuuzwa kwa tabasamu. Maswali ni mawili: je, kuigusa ni haramu, na je, inanajisi mwili au nguo kiasi cha kuzuia swala? Baraza la Fiqhi la Rabita, jumuiya ya Waislamu ya dunia, lilipokutana Makka Januari 2002 liliruhusu alkoholi itumike nje ya mwili kwa kusafishia vidonda na kuua vijidudu, na hospitali za Saudi Arabia zimeweka sanitaiza wadini kwa miaka mingi. Kwa asiyetulia bado, kanuni ya pili inampa nafasi: aisopropanoli haitengenezwi kwa kuchachusha tunda wala nafaka, haiwi kinywaji cha kulevya, na kazi yake ni sawa. Ethanoli ya hapa nchini hutokana zaidi na molasi ya viwanda vya miwa, kama kile cha Muhoroni. Mwenye kituo angefanya vyema kumwita imamu wa mtaa siku chupa zinapofika kuliko kusubiri manung'uniko.

Niongeze jambo ambalo husemwa kwa nia njema na huleta madhara: kwamba anayetawadha mara tano kwa siku mikono yake i safi tayari. Wudhu ni ibada na una wakati wake. Nyakati tano za usafi wa mikono wadini ni nyingine: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji usafi kamili kama kuweka kanula, baada ya kugusana na majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka.

Klorini

Kuhusu klorini sina mengi. Kwa mikono hutumika ikiwa hafifu, 0.05%, na ilifanya kazi kubwa wakati wa Ebola Afrika Magharibi. Lakini huchubua ngozi, na ngozi iliyochubuka hubeba bakteria zaidi. Hupoteza nguvu kwa jua na joto, hivyo hutengenezwa upya kila siku. Na huliwa na uchafu ikaisha kabla ya kufika kwa bakteria. Kazi yake halisi ni damu iliyomwagika, ndoo, kitanda cha kujifungulia: sehemu 1 ya Jik, dawa ya klorini ya dukani, ya 3.5% kwa sehemu 6 za maji hutoa 0.5%. Kazi hiyo isidharauliwe, kwani Acinetobacter huweza kuishi kwenye ukingo mkavu wa kitanda kwa miezi.

Mikono ya wasiovaa sare

Mwongozo mwingi huwahesabu wauguzi na madaktari tu. Kwetu, anayemlisha mgonjwa, anayemgeuza, anayemwaga mkojo na anayemkanda miguu ni dada au mkwe aliyelala chini ya kitanda. Na jioni huja wazuru. Mzee huingia, humpa mkono jamaa yake, humwombea Mola amwafu, kisha, kwa kuwa adabu haimruhusu kuwapita wengine, huenda kitanda kwa kitanda akiwapa mkono wote sita. Hakuna muuguzi anayeweza kueneza bakteria wadini kwa ufanisi namna hiyo, wala hakuna atakayemkemea.

Hapa sinki la mlangoni halisaidii, kwa sababu mzee hushika mkono wa kwanza akiwa tayari ndani. Chupa ya sanitaiza mlangoni husaidia ikiwa kuna mtu wa kuitoa kwa heshima: “Karibu, ami. Twaomba upake hii kwanza, ndipo uwasalimu.” Nimeona njia hii ikikubaliwa vizuri kuliko bango lolote, hasa anayesema akiwa mkubwa wa makamo. Kwa ndugu anayelala hapo, sabuni ndiyo yake, kwa kuwa mikono yake hugusa uji, nepi na beseni kuliko inavyogusa kanula. Apewe kipande chake siku ya kulazwa.

Kugawa fedha

Kituo cha Amu mjini au Mpeketoni chenye wadi na maji ya kuaminika kiweke sanitaiza kila kitanda, na fedha za ujenzi zitumike kukarabati masinki yaliyopo kabla ya kuongeza mengine. Kituo cha kisiwani kinachozalisha akina mama kinunue tangi kwanza, kwa sababu leba haiendeshwi kwa alkoholi: pale damu na maji ya uzazi hufika mpaka viwikoni. Baada ya hapo kila shilingi ya usafi wa mikono iende kwenye chupa, na agizo la miezi ya kusi liwe limefika kabla ya Mei kwisha. Sheria ya 2023 inayoviruhusu vituo vya umma kubaki na fedha vinazokusanya imeipa kamati uwezo wa kuamua haya yenyewe.

Kujua kama uamuzi umefaa hakuhitaji maabara. Geneva walipima lita za alkoholi zilizotumika kwa kila siku 1,000 za mgonjwa, na zilipanda kutoka 3.5 hadi 15.4 kati ya 1993 na 1998. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni angalau lita 20. Kituo chenye vitanda 6 vilivyojaa kwa siku 30 kina siku 180 za mgonjwa, kwa hiyo kitazamie kumaliza takriban lita 3.6 kwa mwezi. Mwenye ghala ahesabu chupa tupu, aandike ukutani mwa chumba cha wauguzi. Zikipatikana lita 1, chupa ziwekwe karibu zaidi na vitanda kabla ya mtu yeyote kulaumiwa. Zikipatikana lita 8 huku wagonjwa hawakuongezeka, kamati iulize zinatoka na nani.